Unyenyekevu wa Mshindi: Kushinda bila Kumdhalilisha Aliyeshindwa

Kila kipindi cha uongozi kinapofikia ukomo, Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo katika parokia zetu huchagua viongozi wapya. Uchaguzi wenyewe huwa mfupi: sala, majina mawili matatu, vikaratasi vya kura, kuhesabu, vigelegele. Kinachofuata ndicho kirefu. Tumezifahamu jumuiya ambamo mwenyekiti aliyemaliza muda wake, baada ya kushindwa kwa kura tatu au nne, hakuonekana tena kwenye sala ya wiki. Mke wake naye akapunguza kuja, na watoto wakahamia mafundisho ya kigango kingine. Anapoulizwa sababu, mara chache hutaja kura. Hutaja jambo lililotokea dakika tano baada ya kura: wimbo ulioimbwa, neno lililosemwa mlangoni, au daftari la michango lililodaiwa usiku ule ule mbele ya watu, kana kwamba lilikuwa limeibwa.

Kuhusu kuvumilia kushindwa, waamini wamesikia mahubiri mengi. Kuhusu kushinda wamesikia machache, pengine kwa sababu mshindi haonekani kuhitaji faraja wala ushauri. Hata hivyo Maandiko Matakatifu na Mapokeo ya Kanisa yana mengi ya kumwambia mtu aliyeshinda, iwe katika uchaguzi, katika kesi ya shamba, katika mashindano ya kwaya, katika mtihani au uwanjani. Tunayakusanya hapa baadhi yake.

Maana ya unyenyekevu kwa aliyeshinda

Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika Summa Theologiae, anauweka unyenyekevu chini ya fadhila ya kiasi: huuzuia moyo usijiinue kupita kipimo chake. Papo hapo anafundisha kwamba unyenyekevu haupingani na ukuu wa moyo, yaani fadhila inayomsukuma mtu kutenda makuu kwa vipaji alivyojaliwa na Mungu. Fadhila hizi mbili hukaa katika moyo mmoja. Kwa hiyo binti aliyeongoza darasa hatakiwi kusema kwamba hajui kitu, wala kwaya iliyoimba vizuri haitakiwi kudai kwamba ilibahatisha. Huo ni uongo, na uongo haujawahi kuwa unyenyekevu. Tena aliyeshindwa huusikia uongo huo kama kejeli, maana kama aliyeshinda si kitu, yeye aliyemfuata nyuma ni nini?

Thoma anazungumzia pia kilema cha kupenda sifa za bure, na anaeleza namna tatu ambazo kwazo sifa huwa bure. Kwanza, mtu anapotafuta kusifiwa kwa jambo lisilostahili sifa. Pili, anapoitafuta kutoka kwa watu ambao hukumu yao haina uhakika. Tatu, asipoielekeza sifa hiyo mahali inapopaswa kwenda, kwa heshima ya Mungu au kwa wokovu wa jirani. Namna hii ya tatu ndiyo inayotuhusu zaidi. Ushindi unaweza kuwa wa halali na waliokupigia makofi wakawa watu wenye akili timamu, na bado sifa ikawa ya bure kwa sababu haimfikishi jirani popote, hasa jirani yule aliyekuwa akishindana nawe.

Lugha yetu nayo ina la kusema hapa. Kitenzi "kushinda" kina maana ya kumpita mwenzako, na kina maana pia ya kupitisha mchana. Jioni twaulizana, "Umeshindaje?" na kila mtu hujibu, hata aliyepoteza kesi asubuhi. Hatudai kwamba wahenga walikusudia fundisho la kiroho katika jambo hilo, ila kwa masikio ya Mkristo linafaa kukumbukwa.

Furaha haijakatazwa

Wapo wanaodhani kwamba Mkristo mnyenyekevu hapaswi kushangilia. Injili haisemi hivyo. Mwinjili Luka anasimulia wale sabini na wawili waliotumwa na Bwana, jinsi walivyorudi wakiwa na furaha kwa kuwa hata pepo waliwatii kwa jina lake. Yesu hakuwakemea kwa kufurahi. Aliihamisha furaha yao kutoka katika nguvu waliyoonyesha na kuipeleka kwenye majina yao yaliyoandikwa mbinguni. Mara baada ya hapo Luka anatuonyesha Yesu mwenyewe akishangilia katika Roho Mtakatifu na kumsifu Baba.

Upo pia mfano wa upande wa pili, ambao hausomwi mara nyingi. Absalomu alipoasi na kuuawa vitani, mfalme Daudi alijifungia juu ya lango akimlilia mwanawe. Machozi ya baba yanaeleweka. Lakini askari waliokuwa wamehatarisha maisha yao kwa ajili yake walirudi mjini kwa kunyemelea, wenye haya, kama watu waliokimbia vita. Yoabu, jemadari mwenye ulimi mkali, akaingia na kumweleza mfalme kwamba amewaaibisha watu waliomwokoa. Daudi akainuka, akaenda kuketi langoni, watu wamwone. Yoabu hakuwa mtakatifu, ila katika hili alisema kweli: mshindi ana deni kwa waliomsaidia kushinda, na kuikataa furaha yao si unyenyekevu. Anayepongezwa na apokee pongezi, aseme asante, awataje waliofanya kazi naye.

Mateka waliorudishwa Yeriko

Kama tungeombwa kuchagua sura moja ya Agano la Kale kwa ajili ya washindi, tungechagua ya ishirini na nane katika Kitabu cha Pili cha Mambo ya Nyakati. Ni habari inayojulikana na wachache.

Katika siku za mfalme Ahazi, ufalme wa kaskazini, Israeli, uliushambulia ufalme wa kusini, Yuda. Walikuwa ndugu, uzao wa Yakobo mmoja. Kwa hesabu ya kitabu chenyewe, wanaume 120,000 wa Yuda waliuawa kwa siku moja, na watu 200,000, wanawake na watoto, wakachukuliwa mateka pamoja na nyara nyingi kupelekwa Samaria. Jeshi lilipokaribia mji, nabii mmoja aitwaye Odedi alitoka kulilaki. Jeshi lililoshinda lingeweza kutazamia baraka. Odedi hakubariki. Alikiri kwamba Mungu ndiye aliyewatia Yuda mikononi mwao. Ushindi ulikuwa wa kweli. Lakini akawaambia kwamba hasira waliyoitumia kuua imefika mbinguni, na akawauliza kama wao wenyewe hawana dhambi mbele ya Mungu.

Swali hilo lilitosha. Viongozi kadhaa wa Efraimu walisimama mbele ya jeshi wakakataa mateka wasiingizwe mjini, na askari wakawaachia mateka na nyara zote. Mwandishi hapiti haraka juu ya kilichofuata, nasi tusipite haraka. Waliokuwa uchi walivikwa nguo zilizotoka katika zile nyara. Walipewa viatu, chakula na kinywaji. Walipakwa mafuta. Waliokuwa dhaifu walipandishwa juu ya punda. Wote wakapelekwa hadi Yeriko, mji wa mitende, wakakabidhiwa kwa ndugu zao.

Msomaji wa Injili ya Luka atashtuka kidogo hapa: watu wa Samaria, mafuta, mnyama wa kubebea, njia ya Yeriko. Wafafanuzi wengi wa Maandiko wameuona ukaribu wa habari hii na mfano wa Msamaria mwema. Ikiwa Bwana wetu aliikumbuka sura hii alipokuwa akimjibu yule mwanasheria, basi mfano tunaowafundisha watoto wa Komunyo ya kwanza una mizizi katika jeshi lililoshinda na kuona haya.

Nabii Elisha alifanya jambo la namna hiyo hiyo. Askari wa Aramu waliotumwa kumkamata walijikuta katikati ya Samaria, mikononi mwa adui zao. Mfalme wa Israeli aliuliza kama awaue. Elisha akamwagiza awape chakula na maji, kisha awaache warudi kwa bwana wao. Mfalme akaandaa karamu kubwa, na vikosi vya wavamizi wa Aramu vikaacha kuja katika nchi ya Israeli.

Kaisari aliyejizuia Komunyo

Kanisa la karne za mwanzo lilikutana na swali hili kwa namna nzito lilipoanza kuwa na watawala Wakristo. Mnamo Septemba 394, kaisari Theodosius alimshinda Eugenius, aliyekuwa amejitwalia utawala wa magharibi, katika vita vilivyopiganwa kando ya mto Frigidus, ndani ya nchi iitwayo leo Slovenia. Ilikuwa vita ya Warumi kwa Warumi. Eugenius aliuawa, na Theodosius akabaki mtawala pekee wa dola nzima.

Kaisari alimwandikia Mtakatifu Ambrosi, askofu wa Milano, akimtaka amshukuru Mungu kwa ushindi huo. Ambrosi alijibu kwamba aliichukua barua ile hadi altareni na kuishika mkononi wakati akitolea Sadaka Takatifu. Kisha akatumia nafasi hiyo kuwaombea msamaha watu wa upande ulioshindwa waliokimbilia kanisani. Kwake, kushukuru kwa ajili ya ushindi na kuwatetea walioshindwa yalikuwa mambo yanayokwenda pamoja.

Theodosius alifariki Januari 395, na Ambrosi akatoa hotuba ya maziko. Ndani yake anataja jambo ambalo huenda wengi hawakulijua: baada ya ushindi ule, kaisari alijizuia kupokea Sakramenti kwa kuwa watu walikuwa wameanguka katika vita, hadi wanawe walipowasili na yeye akaona katika kufika kwao ishara ya neema ya Mungu. Hakuna aliyemshurutisha. Miaka minne kabla, mwaka 390, Ambrosi alikuwa amemtaka afanye toba ya hadharani kwa sababu ya mauaji ya raia wa Thesalonike. Safari hii alijihukumu mwenyewe, na katika vita aliyoamini kuwa ya haki.

Theodosius hakuwa mtu asiye na doa, wala hatumtaji kama kielelezo cha utawala. Tunachotaka kuonyesha ni dhamiri ya Kanisa la wakati ule: ushindi halali pia ulionekana kuwa jambo ambalo mtu hatoki nalo moja kwa moja hadi altareni, bila kusimama na kuwafikiria walioanguka.

Mfufuka hakwenda kwa Pilato

Chemchemi ya yote haya ni Kristo. Alishinda dhambi na mauti. Ushindi mkubwa kuliko huo haupo. Tutazame aliutumiaje. Injili hazisimulii kwamba alimtokea Pilato, wala Kayafa, wala askari waliomvika taji ya miiba. Kibinadamu, hapo ndipo mtu angeanzia. Yeye alikwenda kwa waliomkimbia, akawatakia amani kabla hawajasema neno. Kando ya ziwa aliwasha moto wa makaa, akawapikia samaki, kisha akamuuliza Petro mara tatu juu ya upendo. Kumkana mara tatu hakukutajwa. Petro alihuzunika, maana alielewa, lakini hakuaibishwa mbele ya wenzake. Alipewa kazi ya kuchunga kondoo.

Na alibaki na majeraha yake. Katika mkesha wa Pasaka, padre anapochomeka chembe tano za ubani kwenye Mshumaa wa Pasaka, Kanisa linakumbuka kwamba mwili wa Mshindi una alama za kushindwa kwake. Wakati wa kuimba Mbiu ya Pasaka twautazama mshumaa ule, na mara nyingi hatuzioni zile chembe kwa sababu ya mwanga.

Ushindi ambao si wetu

Yapo mazingira ambamo unyenyekevu humtaka mtu aukatae ushindi wenyewe. Desemba 2012, katika mbio za nyika za Burlada, jimboni Navarra, Hispania, Mkenya Abel Mutai alikuwa akiongoza kwa umbali wa kutosha. Miezi michache kabla alikuwa amepata medali ya shaba ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji katika Olimpiki ya London. Karibu na mwisho alidhani amekwisha kuuvuka mstari, akapunguza mwendo na kusimama. Watazamaji walimpigia kelele kwa Kihispania, lugha asiyoielewa. Iván Fernández Anaya, Mhispania aliyekuwa wa pili, alimfikia. Angeweza kupita. Badala yake alibaki nyuma yake na kumwashiria kwa mkono aendelee hadi mstarini. Baadaye alieleza kwamba hakustahili kushinda. Mutai ndiye aliyekuwa mshindi wa haki.

Inafaa kuongeza kwamba mwalimu wake, Martín Fiz, bingwa wa dunia wa marathoni wa mwaka 1995, alikiri kuwa yeye asingefanya hivyo. Ukweli wake unatusaidia tusilifanye jambo hili kuwa jepesi. Mkristo anayeshinda kesi kwa sababu shahidi wa upande wa pili alikosa nauli, au anayechaguliwa kwa sababu tangazo la mkutano halikusomwa katika mtaa mmoja, yuko kwenye mita zile za mwisho za Burlada. Sheria inaweza isimdai kitu. Dhamiri inamdai.

Kinywa cha mshindi

Madhara mengi ya ushindi hutoka kinywani. "Asiyekubali kushindwa si mshindani" ni methali nzuri, lakini tuchunguze huwa inasemwa na nani. Karibu kila mara husemwa na aliyeshinda, akimwambia aliyeshindwa, siku ile ile. Methali iliyokusudiwa kumtuliza mtu anapojisemesha mwenyewe hugeuka kofi inapotoka kwa mwingine. Kwa upande wake aliyeshindwa naye hujibu moyoni, "Aliye juu mngojee chini," na kuanzia hapo huanza kungoja. Jumuiya nzima hukaa miaka mitatu ikingoja kuanguka kwa mtu.

Je, utani nao ni dhambi? Watani wa jadi, Simba na Yanga, wasingekuwepo bila maneno ya Jumatatu asubuhi, na hatuoni sababu ya kuwanyima waamini kicheko hicho. Lakini tukumbuke utani wa asili ulikuwa nini kwa makabila yetu. Mtani alikuwa na ruhusa ya kukutania kwa sababu alikuwa na wajibu kwako. Ndiye aliyefika kwenye msiba wako akafanya kazi ambazo ndugu, kwa uchungu, hawakuweza kuzifanya. Ruhusa na wajibu vilikwenda pamoja. Kabla ya kumtania uliyemshinda, ujiulize kama ungekuwa wa kwanza kufika kwake leo usiku kukiwa na msiba. Kama jibu ni hapana, hayo si matani. Vivyo hivyo khanga iliyochaguliwa kwa maandishi yake ili ivaliwe mbele ya mlango wa jirani aliyepoteza kesi, au nyimbo za ushindi zinazoimbwa kwa sauti zaidi lori la kwaya linapopita mbele ya kigango cha wapinzani.

Misa ya shukrani, na makabidhiano

Desturi ya kumtolea Mungu Misa ya shukrani baada ya mafanikio ni njema, na mapadre wetu huipokea kwa furaha. Tunaomba jambo moja tu kuhusu neno la shukrani linalosemwa mwishoni. Mara kwa mara neno hilo huanza na Mungu na kuishia kwa maadui: waliotaka niangushwe, waliosema sitafika, leo wameaibika. Watu hao mara nyingi wamo kanisani. Baadhi yao wametoka kupokea Komunyo dakika kumi zilizopita, katika mstari mmoja na msemaji. Zaburi zina maombi makali dhidi ya maadui, ni kweli. Lakini katika Liturujia ya Vipindi iliyorekebishwa baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, Kanisa liliacha kuziweka zaburi tatu, ya 58, ya 83 na ya 109, kwa sababu ya ukali wa laana zilizomo. Ikiwa mapadre na watawa wamepunguziwa maneno hayo katika sala yao ya kila siku, nasi tunaweza kuyaacha kwenye kipaza sauti. Mahali pake pawekwe nia moja katika maombi ya waamini kwa ajili ya wale tulioshindana nao, bila kutaja majina.

Kuhusu makabidhiano ya uongozi katika jumuiya, mapadre wenye uzoefu hushauri yasifanyike usiku wa uchaguzi. Mwenyekiti mpya aende nyumbani kwa mtangulizi wake baada ya siku chache, mchana, bila msafara wa waliompigia kura. Daftari la michango litakuwepo, lakini asianze nalo. Aulize habari ambazo hazimo daftarini: ni mgonjwa gani anayependa kusomewa Injili, ni familia ipi haizungumzi na ipi, ni mjane yupi asidaiwe mchango hata kama jina lake limo kwenye orodha. Mambo hayo anayajua mtu mmoja tu, na akiondoka nayo jumuiya itachukua miaka kuyajua upya. Kabla ya kuaga, amwombe aongoze sala ya wiki ya kwanza. Akikataa, asimlazimishe wala asilitangaze. Amwombe tena Majilio yatakapoanza.